Matusi ya Jenerali Mbele ya Baba

Pale Keroka, ukitaka filamu ya vita itafsiriwe ikatafsirika, ulinitafuta mimi. Sijisifu bure, watu waliacha mpira kwenye runinga wakaja kubanana kwenye mabenchi ya ukumbi wetu wa video. Niliketi kando ya skrini na kipaza sauti, Wazungu wakiongea, nami nikiwasemea kwa Kiswahili chenye Ekegusii ndani, na hakuna tusi lililonipita.

Jumapili hiyo mchana tulikuwa na filamu ya maisha ya jenerali mmoja ambaye nusu ya nchi yake ilimwita shujaa, na nusu nyingine mchinjaji. Mdomo wake ulikuwa mchafu ajabu: askari akichelewa tu, mama yake anatajwa. Nilikuwa nimepamba moto baba yangu alipoingia, kofia mkononi, akaketi benchi la mbele.

Baba alikuwa mwanajeshi zamani, kisha akarudi Itumbe kulima chai. Kazi yangu aliiita kupiga domo, na hakuwahi kuja kuiona. Sasa amekuja, na mimi nimekwama. Sisi Wakisii tuna chinsoni: mambo ya uchi hayatamkwi kati ya baba na mwanawe, hata kwa utani. Nikiyasema, nimemvunjia heshima hadharani. Nikiyameza, ataamini kweli kwamba kazi siijui.

Nikayameza. Jenerali akabwata weee, mimi nikasema, "Amekasirika kidogo." Ukumbi mzima ukanicheka.

"Wacha uoga! Tupe vile amesema!" kijana mmoja akapiga kelele.

Niliona hasira. Miaka yote hiyo, mzee aje leo, kwa jenerali huyu!

Tukafika kwenye daraja. Askari wanakufa, mmoja ameketi chini analia, na jenerali anamwinamia kwa ghadhabu. Watu wakanigeukia. Baba akainuka, akavaa kofia, akatoka nje.

Hakwenda mbali. Ukuta wetu ulikuwa wa mabati, hata kikohozi kilipita, na kofia yake niliiona kwenye upenyo. Lakini mbele yangu hakuwapo tena, na kwa mila yetu hilo linatosha. Nikavuta pumzi, nikamtafsiri jenerali yule tusi kwa tusi, mpaka askari akasimama.

Filamu ilipokwisha nilimkuta baba ameegemea ukuta.

"Tata, umekaa kwenye baridi," nikasema.

"Kamanda wetu alikuwa hivyo hivyo," akasema bila kunitazama. "Nilimchukia sana. Siku niliyopigwa risasi ya mguu, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, huku ananitukana njia nzima. Amekufa sijamshukuru. Na sijamsamehe."

 Alichukua mkoba wa vyombo vyangu vya kazi, akautia begani mwake, akatangulia.