Diski Iliyopigiliwa Ukutani

Kuna watu Mungu amewapa kila kitu isipokuwa aibu. Mmoja alikuwa jirani yetu pale Shauri Moyo, mwenye chuo cha kompyuta. Chuo, jamani! Chumba kimoja juu ya duka la mafuta ya taa, naye akitaka aitwe Mkurugenzi.

Programu ya kuandikia barua aliinunua kihalali, na hilo hakuchoka kutukumbusha. Diski yake ilikubali kompyuta tatu tu. Ukitaka kuhamishia nyingine, sharti uirudishe diski kwenye mojawapo ya zile tatu, uiondoe programu, ndipo kibali kirudi kwenye diski. Mwenye akili angeziweka zote chuoni. Yeye aliweka mbili chuoni na ya tatu sebuleni kwake, chini ya kitambaa cha kufuma. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa ya wageni kutazama.

Mama yangu alikuwa mpiga chapa mjini. Ofisi ilikuwa inaondoa taipureta, na mkubwa wake alimwambia waziwazi: Jumatatu uonyeshe unaiweza kompyuta, la sivyo kazi basi. Alikuwa ameanza masomo kwa Mkurugenzi, kisha stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, kompyuta moja ya chuo ikaungua pamoja na kibali chake. Ikaletwa nyingine kuukuu, lakini haikuwa na programu. Ile moja iliyobaki vijana waliigombania kutwa.

Mama akambembeleza Mkurugenzi akitoe kibali cha sebuleni. Akakubali kwa shingo upande, na Jumamosi tukaenda kwake.

"Diski iko wapi?" mama akauliza.

Akatuonyesha ukutani, kifua mbele. Kwetu kitu cha heshima hutundikwa juu, karibu na dari, na yeye alikuwa ameitundika kati ya picha ya harusi na cheti cha ubatizo. Msumari ulikuwa umeitoboa diski yenyewe.

"Isiibiwe," akasema.

Ebo! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini za huyu zilikuwa zimenyolewa. Aliing'oa, akaitia kwenye kompyuta hivyo hivyo na tundu lake. Mashine ikakwaruza, ikakataa.

Mama hakukata tamaa. Programu ilikuwa imewaka pale pale mbele yake. "Basi Mkurugenzi, niache nijifunzie hapa hapa, leo na kesho tu."

Akaangalia zulia lake. Akaangalia viatu vyetu. "Mama, jioni nina wageni wa kanisa. Na hapa ni sebuleni." Akaizima, akarudisha kitambaa, akanyoosha pembe zake. "Karibuni chai."

"Tumeshiba," mama akasema, na hatukuwa tumekula kitu tangu asubuhi. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote.

Jumatatu mama alirudi kabla ya saa sita, amekumbatia mto wa kiti chake cha ofisini. Jioni Mkurugenzi akaja kumpa pole. Alikunywa chai yetu, akaimaliza, kisha akamuuliza kama, maadamu sasa ana nafasi, angeweza kumfumia kitambaa kipya cha kompyuta.