Baba Alivyomsomea Mama Mkwe

Siku hizi mtu akitaka riwaya ya mapenzi anafungua simu, anasoma peke yake, anacheka peke yake, na jirani hajui kimempata nini. Sisi wa Bariadi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huria, riwaya moja ilikuwa ya mtaa mzima. Riwaya hizo zilikuja na mama mmoja mwenye duka la vitambaa sokoni, aliyekuwa akifuata mzigo Mwanza na kurudi na vitabu viwili vitatu katikati ya majora. Alivikodisha. Kitabu kikikufikia kilikuwa kimeshapita kwa washonaji, manesi na walimu, na kila mmoja ameacha neno lake pembeni kwa penseli: "Mjinga huyu!" "Dada, kimbia!" Mimi niliyapenda maneno hayo kuliko kitabu chenyewe, na hadi leo nikisoma kitabu kisafi naona upweke.

Kilichogombaniwa kuliko vyote kilimhusu kijana wa Dar es Salaam, karani wa benki, aliyekunywa dawa ya kienyeji ya mafua akazindukia enzi za watemi, machifu wa kale, na suti yake mwilini na saa yake ya mkononi yenye kengele. Akampenda binti mmoja aliyemkuta kisimani. Kila akitaka kumwambia neno tamu, saa inalia, binti anatimua mbio. Alipokwenda kuposa na noti zake, wazee walizinusa, wakamrudishia, wakamuuliza ng'ombe wako wapi.

Kitabu hicho kilitufikia katika msimu mbaya kwa baba. Alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, na wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia na malori yao na fedha taslimu. Ghala la chama likabaki na popo, baba akabakia nyumbani. Hapo hapo bibi yangu mzaa mama akaja kutoka Mwamapalala kutibiwa macho. Kwa mila yetu ya Kisukuma, mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Hata salamu hupelekwa na mtoto. Baba alipokuwa na kazi, mila hiyo haikumsumbua, maana aliondoka alfajiri na kurudi bibi keshalala. Sasa bibi alishinda uani, mbele ya mlango wetu mmoja tu wa kutokea, na baba alishinda chumbani kama mtoro.

Si kwamba baba aliionea tabu mila. Alichoogopa ni bibi kumjua kuwa mwanamume wa kukaa ndani, anayelishwa na mkewe kwa biashara ya maandazi. Mama aliogopa hilo hilo, kwa hiyo bibi aliambiwa kwamba baba yuko likizo. Likizo! Bibi alikuwa anaumwa macho, hakuwa anaumwa akili.

Kwa uchovu wa kukaa, baba alianza kusoma kwa sauti. Dirisha lake lilitazama uani. Siku ya kwanza bibi aliacha kupukuchua mahindi, akainamisha kichwa kusikiliza. Siku iliyofuata niliona mkeka wake umehamia chini ya dirisha. Baba naye aliuona, akaongeza sauti. Alipofika penye kukumbatiana alikohoa, akaruka.

"Mayu," bibi aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, "hebu muulize baba yako, hapo karuka nini?"

Nikaenda mlangoni nikauliza.

"Mwambie bibi karatasi zimeshikana."

Nikarudi na jibu. "Mwambie azibandue taratibu," akasema bibi, "sisi hatuna haraka."

Baba akacheka ndani, bibi akacheka nje. Sijapata tena kusikia kicheko cha namna ile, na ninakitamani.

Majirani wakaanza kuja na kazi zao mikononi, huyu na mchicha, yule na nguo ya kushona. Wao ndio waliogundua, hata kabla kitabu hakijasema, kwamba binti wa kisimani huenda ndiye bibi mzaa baba wa yule kijana. Kwingine watu wangeziba masikio. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", basi wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi. "Mahari ataila nani sasa? Si ukoo wake mwenyewe!" Mwenye duka alituma watu mara kwa mara kukidai kitabu, na kila aliyetumwa alikaa kusikiliza.

Adhuhuri moja akaja mnunuzi wa pamba kutoka Kasoli. Alikuwa na mizani mpya na hakuwa na karani wa kumwamini aisimamie. Alizungumza na baba chumbani, dirisha likiwa wazi, na sote tukasikia jibu: "Mimi ni mtu wa ushirika. Siwapimii walanguzi." Mama aliposikia hivyo alifunika unga wake, akaingia jikoni.

Jioni baba akasoma. Kijana wa Dar alikuwa ameshapata dawa ya kumrudisha kwao, lakini kila siku anaficha kibuyu na kusema kesho. Bibi akainua mkono.

"Mayu, muulize baba yako: huyo kijana atakaa kwa watemi mpaka lini? Watemi wenyewe walishaondoka. Na kwake wanamngoja."

Nikayapeleka maneno yale mlangoni kama nilivyopewa. Nilisikia kitabu kikifungwa, na jioni ile hakikufunguliwa tena.

Asubuhi komeo likalia. Bibi akavuta kanga usoni, akageukia ukuta ili mkwe apite kwa heshima. Baba akatoka, shati la kazini limepigwa pasi. Nilikuwa nimesimama kati yao, nikingoja kutumwa. Bibi hakunituma.

"Baba," alisema, uso ukutani, "nenda. Tutamalizia jioni."

Baba akasimama, mgongo kwake. "Ndiyo, mama," akasema, akashika njia ya Kasoli.

Mama alikuwa jikoni. Miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuwasikia wawili hao wakisemezana. Akakaa chini kando ya karai, akalia kwa sauti, maandazi yakaungua yote, na bibi hakumkemea.