Mkono Imerara

Hii stori inanionyesha mjinga, lakini heri niiseme mimi kabla ng'ombe aiseme.

Nilitoka kwetu Misikhu, Bungoma, nikaenda kukamulia mama mmoja ng'ombe huko Endebess. Nilikuwa nakamua haraka, kidole gumba nimekunja ndani, mkono umepinda. Baadaye nikaanza kuamka vidole zimekauka kama ugali ya jana. Maumivu inapanda mpaka kwa kiwiko, na kiganja inatetemeka ndani kama simu kwa mfuko.

Mama akaniona nikikung'uta mkono. "Kijana, enda nyumbani upumzike. Nitatafuta mwingine."

Mwingine? Ng'ombe zenye zinanijua mpaka kikohozi? Nikamwambia mkono ni yangu na haijamlalamikia. Nikatafuta blada, ile mpira ya kufungia mzigo kwa baiskeli, nikakaza kwa kifundo ya mkono. Kwetu mkono ikiuma unafunga blada, unarudi kwa jembe.

Kesho yake, mama akiwa hapo karibu, nikaegemea tumbo ya ng'ombe, macho nimefunga, nakamua nikipiga mluzi. Ndoo kimya. Kumbe vidole zimekufa ganzi, chuchu iliponyoka kitambo, nafinya mkia. Ng'ombe akapiga ndoo, halafu akanipiga mimi.

Kliniki ya Kitale nikamwambia daktari, "Mkono imerara."

"Imeraruka wapi? Sioni damu."

"Hapana, imerara. Usingizi."

Sisi watu wa Bungoma, L na R tunachukua yenye iko karibu.

Akacheka, akakata blada na makasi. Akanionyesha hapo kwa kifundo: mshipa ya kupeleka hisia kwa vidole inapita njia nyembamba sana. Ukifinya kila siku mkono ikiwa imepinda, ndani inafura, mshipa inabanwa. "Na wewe ukaongeza kufuli juu." Akanipa kibao ya kufunga nikilala, kifundo ikae imenyooka. Akasema nipumzishe mkono, na ganzi ikikataa kutoka nirudi haraka.

Nikarudi, lakini si Misikhu. Nikasimama kwa mlango ya mama. "Nitakuwa nalisha na kuchota maji mpaka mkono ipone. Halafu nitakamua na kiganja yote, bila kupinda. Lakini hapa sitoki."

Akaniangalia, akaangalia kibao nimeshika.

"Kaa basi," akasema. "Lakini ukigusa hiyo mkia tena, blada nitakufunga kwa mdomo."