Nilivyoendesha roboti kwenye maporomoko ya Kisangani, ikavuliwa kama samaki

Wakuu, hodi humu ndani.

Nimeona uzi wenu mrefu kuhusu roboti za baharini: zile zinazokagua matumbo ya meli, zinazookota nyavu zilizopotea, zinazohesabu samaki bila kuwasumbua. Nimesoma kurasa zote. Mmebishana vizuri sana, hasa nyinyi ambao hamjawahi kuiona roboti hata kwa mbali.

Mimi nimeiendesha. Kwa mikono hii hii ninayoandikia.

Ninayosema ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi mtaiona tu, maana mimi chumvi naweka kwa konzi.

Niko Kisangani, Congo. Najua, huku hatuna bahari. Lakini tuna mto ambao siku ukiamka vibaya, hiyo bahari yenu ingeomba ruhusa ya kupita.

Iko hivi.

Baba wa mke wangu ni mvuvi wa pale kwenye maporomoko. Huku kwetu mkwe tunamwita bokilo, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Wavuvi wa pale hawana habari ya kutupa nyavu. Wanasimamisha miti mikubwa katikati ya maji yanayochemka, wanaifunga kwa kamba za msituni, halafu wananing'iniza vitunga virefu kama tarumbeta. Mdomo mpana, mkia mwembamba. Maji yanamsukuma samaki ndani, na akishaingia hana pa kugeukia. Kila ukoo una sehemu yake, waliyoachiwa na babu wa babu zao.

Sasa, tangu maji makubwa ya mwisho, sehemu ya bokilo ilikuwa imekufa. Kuna wavu wa nailoni, mkubwa kama kanisa, ulikatika huko juu ukaja kunasa kwenye mawe ya chini, mbele kidogo ya vitunga vyake.

Wavu usio na mwenyewe ni kitu kibaya, wakuu. Unavua mchana kutwa, hakuna anayekula. Samaki ananasa, anaoza, anakuja mwingine kumtazama, naye ananasa. Vitunga vya bokilo vikawa vinatoka na majani tu.

Kupiga mbizi pale haiwezekani. Ni kuaga familia. Jirani mmoja alishauri baruti, bokilo akamkimbiza na kasia mpaka barabarani.

Na wakati ulikuwa unakaribia wa kubadilisha ile miti. Kazi ya ukoo mzima hiyo, wiki nzima msituni. Mashemeji zangu walianza kunung'unika: tukate miti ya kuvulia majani? Bokilo mwenyewe akaanza kusema kwamba sehemu ataiacha, mto uichukue, yeye avuke hadi ng'ambo, Lubunga, akalime mihogo.

Bokilo na jembe! Nilimwona siku moja akijaribu. Alikuwa analima upande wa kushoto tu, kama anapiga kasia.

Tulicheka, lakini mama mkwe hakucheka. Aliniambia, "Akiacha ile mahali, ataisha."

Ndipo ikaja timu ya madame Odette.

Madame Odette ni mtu wa Bukavu, amesomea mambo ya samaki, na alikuja na roboti ya chini ya maji. Kitu cha manjano, ukubwa wa beseni la kuogeshea mtoto, feni sita ndogo za kujisukumia, taa mbili, kamera moja, na mkono wenye vidole viwili vya chuma. Imefungwa kwa waya mrefu na betri zake zinachajiwa na jua. Watu wa mtoni wakaipa jina siku hiyo hiyo: koba, yaani kobe.

Kazi yao ilikuwa kuondoa nyavu zilizopotea bila kuua chochote. Siku mbili Kisangani, halafu wanashuka na boti kwenda Isangi. Siku mbili tu.

Mimi niliingiaje? Chaja yao ilikufa njiani. Wakauliza nani fundi. Wakuu, mimi nimesoma masomo ya jioni miaka minne, fani ya umeme, na diplôme yangu nimeitundika sebuleni mahali ambapo hata mgeni anayepita barabarani anaisoma. Chaja niliitengeneza kwa dakika ishirini.

Dakika ya ishirini na moja nikaropoka kwamba hata kuendesha naweza.

Siku ya kwanza tulifanya mazoezi upande wa Lubunga, maji yametulia kama mchuzi. Niliivusha koba kwenye pirogue, yaani mtumbwi, nimeibeba mapajani kama mtoto mchanga. Nikashika manette, kile kidude cha mkononi cha kuiongozea. Mbele, nyuma, kushoto, chini. Nikaokota chupa, nikaokota kandambili. Madame Odette akasema, "Bon, Ingénieur, si mbaya."

Ingénieur! Kichwa kilivimba hadi jioni ile kuingia mlangoni kwangu ilibidi niingie kwa ubavu.

Siku ya pili, asubuhi, maporomoko.

Maji yanaunguruma mpaka unahisi meno. Bokilo alikuwa amesimama kwenye miti yake, pekupeku, kama mtu aliyesimama jikoni kwake. Akaniita.

"Ingénieur, koba yako uiweke hapa juu kwenye jiwe. Acha maji yenyewe iibebe. Weye shika tu kamba, legeza polepole. Hii haiko maji ya kupigana nayo."

"Papa," nikamwambia, "hii iko na moteur sita."

"Na mto iko na moteur ngapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikaona mzee haelewi teknolojia. Nikaingiza koba kutoka chini, uso kwa uso na maji, nikakanyaga nguvu zote.

Sekunde kumi za kwanza nilikuwa bingwa wa dunia.

Ya kumi na moja, mto ukaishika koba yangu ubavuni, ukaizungusha kama chapati, ukaipitisha chini ya miti ya bokilo na kuirusha kwenye mkondo wa jirani. Kwenye skrini nikaona povu, povu, povu. Halafu nikaona fito. Fito zimepangwa vizuri, zinazunguka pande zote, zinazidi kubana.

"Ingénieur," madame Odette akauliza taratibu, "tuko wapi hapo?"

Tulikuwa ndani ya kitunga, wakuu. Roboti ya kisasa, imeingia kwa mdomo mpana na kunasa kwenye mkia mwembamba, taa zinawaka, na haina pa kugeukia.

Tena si kitunga cha bokilo. Kilikuwa cha papa Botike.

Papa Botike na bokilo ni majirani wa maji tangu utoto, na walikuwa hawasalimiani tangu kabla mimi sijaoa. Chanzo ni mti mmoja. Mto uliung'oa sehemu ya huyu ukaupeleka sehemu ya yule, na yule akautumia. Basi. Mti wenyewe ulishaoza zamani, ugomvi bado mbichi.

Nikakimbia kuelekea kile kitunga. Papa Botike akainua kidole kimoja.

"Mutu asiguse. Kitunga iko ya nani?"

"Yako, papa."

"Na kintu iko ndani ya kitunga ya nani?"

"Yako, papa, lakini ni ya huyu madame."

"Hata samaki iko na mama yake. Nimeisha kumurudishia mama yake siku gani?"

Watu waliangua kicheko mpaka nikasahau ngurumo ya maporomoko. Lakini hakuwa anatania. Pale kwao sheria ni moja na haina kona: kilichoingia kitungani ni cha mwenye kitunga. Hakuna mtu wa ukoo mwingine anayekigusa. Mimi mkwe wa pale nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo kwanza nilikuwa nimemzawadia mtu roboti.

Madame Odette alinigeukia. "Ingénieur, kwenye ile shule ya jioni, siku ya somo la kuendesha, walikata courant?"

Courant ni umeme, wakuu. Boti ya Isangi ilikuwa inaondoka siku hiyo hiyo, na nilipomtazama bokilo, hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama maji pale ulipo ule wavu. Uso wake sitaki kuuelezea.

Papa Botike akashuka kuinua mali yake. Akavuta. Kitunga hakikutikisika. Waya ulikuwa umejisokota kwenye mti na maji yanakandamiza kama yamelipwa. Akavuta tena. Wanawe wote walikuwa wameshuka Isangi kuuza samaki wa moshi. Na pale, katikati ya povu, hakuna mtu anayeweza kusimama asiyezaliwa pale.

Zaidi yake, aliyekuwa karibu ni mmoja tu.

Bokilo alitembea juu ya fito akashika upande wa pili. Papa Botike akanigeukia mimi, wakati bokilo yuko mbele yake kwa urefu wa mkono.

"Mwambie huyo papa, akinyanyua, anajua maana yake."

"Mwambie huyo papa," bokilo naye akaniambia, "mimi nilijua maana yake mbele yeye ajue kuogelea."

Maana yake ni hii: ukimsaidia mtu kuinua kitunga kilichomshinda, kilichomo ni nusu kwa nusu.

Wakavuta pamoja. Kitunga kikatoka, koba ikamwagika juu ya jiwe, taa zake bado zinawaka kama samaki aliyekataa kufa. Wazee wawili wakasimama juu yake wakihema.

"Nachukua kichwa," akasema papa Botike, na akaonyesha upande wenye kamera.

"Chukua," bokilo akasema. "Nusu yangu mimi inaenda sasa hivi kutoa ule wavu. Yako ikitaka kubaki hapa, ibaki."

Watu wakasogea karibu. Hata mto nadhani ulipunguza sauti.

Papa Botike aliitazama koba. Akamtazama madame Odette. Akamtazama bokilo, uso kwa uso kabisa.

"Alors nami nakuja," akasema. "Nione hamuharibu nusu yangu."

Koba ikarudi majini, lakini safari hii kwa njia ya wenye maji. Kutoka juu ya jiwe, manette mkononi mwangu, kulabu yenye kamba nene kwenye vile vidole viwili, na amri kali kutoka kwa madame Odette kwamba nisikanyage chochote mpaka niambiwe. Bokilo amesimama kwenye miti anasoma maji. Papa Botike ameshika waya.

"Legeza," bokilo akasema.

"Ngapi?"

"Mikono tatu."

Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza ya kazi, yasiyo ya ugomvi, kwa miaka yote hiyo.

Maji yakaibeba koba yenyewe, polepole, chini, chini, mpaka kwenye mawe. Na pale kwenye skrini wavu ukatokea, unapepea kama pazia. Mifupa imejaa. Katikati kulikuwa na samaki mmoja mkubwa aina ya capitaine, bado anapumua, mdomo unafunguka na kufungika. Bokilo alikuja kuinama kwenye skrini.

"Kumbe mulikuwa munakuja," akasema. Alikuwa anaongea na samaki, wakuu. Niliangalia pembeni.

Nikaambiwa: sasa. Nikapachika kulabu mara ya kwanza, ikateleza. Ya pili, ikashika. Watu wote wa pale, wanawake kwa wanaume, wakadaka kamba na kuvuta. Wavu ulipotoka, harufu ilisafiri hadi kambi ya jeshi ya Kapalata, na nasikia walinzi walisimama mguu sawa wakidhani ni mkubwa anapita.

Yule capitaine tulimfungua na kumwachia maji. Akaenda.

Papa Botike alimkabidhi madame Odette koba nzima, pande zote mbili, na kumwomba jambo moja tu: amwonyeshe tena yale mawe ya chini. Aliyatazama muda mrefu, anayataja kwa majina aliyofundishwa na babake. Yalikuwa palepale alipoambiwa.

Siku ya nne vitunga vya bokilo vilitoka na samaki watatu. Tulimla mmoja na lituma, yaani ndizi zilizopondwa, na sijawahi kula chakula chenye vicheko vingi hivyo kwa gharama ya mtu mmoja. Mimi.

Nilichojifunza, wakuu: roboti inafaa, msiikatae. Bila ile mashine ule wavu ungekuwa unaua mpaka leo, na baruti ingeua vilivyobaki. Lakini mashine inajua kuona tu. Maji yenyewe yanajulikana na miguu ya watu waliosimama ndani yake, na ukitaka kazi yako idumu, waulize hao kabla hujawasha chochote. Mimi niliambiwa bure kabisa, nikajibu kwa kuhesabu moteur.

Sasa nyinyi wa Tanga, Lamu, Kigoma na kwingine: nyavu zilizopotea kwenu mnazitoaje? Na mwenye ujuzi wa kweli wa manette ajitokeze, nahitaji somo, sitaona haya. Wa kunicheka nao wacheke, ukurasa upo.

Nitawajibu taratibu tu. Naandika nikiwa msituni, bega la kulia halinyanyuki. Bokilo ametuita wakwe wote kukata miti mipya, mirefu kuliko ya zamani, na hapa anapiga kelele kwamba Ingénieur amepumzika vya kutosha.