Sweta Zisizo na Beji

Kitu cha wizi hakikuingia dukani mwa Wacuka, hata kama ni kipande cha uzi. Ndivyo alivyowalea wanawe, na ndivyo alivyoendesha kazi yake ya kufuma sweta za shule mjini Bomet, ambako wengi humwita Mama Lynn. Hata programu ya kuchorea beji aliilipia, na leseni yake akaitundika ukutani kando ya kibali cha kaunti.

Disemba kompyuta yake iliwekewa mfumo mpya. Kwa miezi ilikuwa ikimtisha kwamba ule wa zamani hautalindwa tena, na mwishowe akakubali. Kesho yake mashine ya kudarizi beji ilikaa kimya. Mfumo mpya haukuitambua, na programu aliyoilipia ikakataa kufunguka. Aliyemuuzia alimjibu kwa simu kwamba dawa ni kununua programu mpya na mashine mpya. Wacuka akamuuliza kama ile yake ilikuwa imeharibika. Akakiri kuwa ni nzima.

"Basi wabovu ni nyinyi," akamwambia, akakata simu.

Shule moja ya Boito ilikuwa imeagiza sweta za wanafunzi wote wapya, zivaliwe siku ya kufungua. Fundi wa kompyuta, Kipkosgei, akaja na suluhisho mfukoni: programu mpya iliyovunjwa kufuli, isiyouliza leseni na inayokubali hata mashine kuukuu.

"Mama Lynn, nusu ya mji wanatumia hii. Hata Johnson, yule mfumaji wa Sotik."

"Johnson atajibu yake. Chomoa hiyo kitu."

"Na Boito je?"

"Nirudishie mfumo wangu wa zamani. Na intaneti uikate."

Rodah, mshonaji wake wa miaka mingi, alimsihi afumbe jicho msimu huu tu. Wacuka hakutaka kusikia.

Lakini Kipkosgei alikuwa na foleni. Kulikuwa na daktari wa mifugo ambaye printa yake imegoma, na wakili ambaye faili zake zimehamishwa asijue ziko wapi. Wote waliilaani kampuni ile ile iliyoleta mfumo mpya. Siku ya kufungua ikakaribia, na mwalimu mkuu wa Boito, Bethwel, akaja mwenyewe. Alizikuta sweta zimekunjwa vizuri, vifua vitupu.

"Mama Lynn, watoto hawajui mambo ya kompyuta. Wanajua baridi."

"Wavae hivi, Mwalimu. Beji nitakuja kuzishona mashine ikiamka, huko huko shuleni."

Bethwel alisema bodi haitakubali. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza ni nani angejua programu ilitoka wapi.

"Mimi," Wacuka akasema. "Na wewe pia, Mwalimu."

Bethwel akashika njia ya Sotik. Mashine ilianza tena kudarizi muhula ukiwa umeshika kasi, kwa mfumo wa zamani, na mpaka leo inadarizi. Uamuzi ule ulimgharimu shule ya Boito, ambayo haijarudi, na Rodah, ambaye sasa anamshonea Johnson.