Mnavu wa Baba

Mnavu ukichemka juu ya kuni hutoa harufu ya majani mabichi na moshi. Ndiyo harufu ya mwaka niliokuwa darasa la tatu, kwetu Nyaishozi, mama alipojaribu kumwokoa baba kwa sufuria.

Baba alianza kwa kuchoka. Mtu aliyezoea kubeba mkungu wa ndizi huku akipiga mluzi akawa anakaa kizingitini, anautazama tu. Kisha macho yakageuka manjano. Hospitali walisema ni ini, wakamuuliza kama anakunywa pombe. Baba alikuwa mzee wa kanisa letu la Kilutheri. Akajibu, "Sijawahi kuionja." Daktari akamtazama mama, si yeye.

Habari kama hiyo haikai ndani. Kisimani, watoto wa jirani yetu Mama Koku waliniambia, "Baba yako ameiva kama ndizi. Ukateni mkungu." Mama yao akawakemea, kisha akamwinamia mwanamke mwenzake. "Ini haliharibiwi na maji ya kisima, dada. Mzee wa kanisa ana pombe yake ya rubisi huko migombani."

Mama hakugombana na mtu. Alipanda mnavu. Bibi alishamfundisha kwamba mboga chungu huosha ini, basi akaupanda nyuma ya jiko, katikati ya mibuni, kila palipobaki udongo. Mchana ndizi na mnavu, jioni vilevile. Baba alimeza akiwa amefumba macho. Kwa kumhurumia, mama akaanza kuutia karanga za kusaga.

Niwaeleze kuhusu karanga zetu, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Tulizivuna mvua ikinyesha, tukazianika jua lilipopatikana, tukazitia kwenye gunia lililokaa sakafuni. Karibu na siku ya soko tulizichambua. Zilizonenepa ziliuzwa. Zilizosinyaa, zenye weusi na vumbi la kijani, zilibaki nyumbani. "Chakula hakitupwi," baba alisema, na tangu zamani ndiye aliyezimaliza, akizijaza mfukoni kila alipokwenda shambani. Karanga iliyooza huwa chungu, ukiitafuna unaitema. Lakini ndani ya mnavu, nani angejua uchungu upi umetoka wapi?

Jioni moja nilimpelekea bakuli. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji, miguu imevimba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo karanga zimezidi," akasema, akijaribu kutabasamu. "Mama yako ananihonga."

Alikula mpaka mwisho. Alifariki kahawa ikianza kuiva. Msibani kulikuwa na waliolia, na kulikuwa na walionong'ona kuhusu rubisi.

Hivi karibuni bwana shamba alikuja kufundisha kikundi cha akina mama, nami nikamsindikiza mama. Alieleza kwamba ukungu wa karanga una sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi, nayo hulila ini polepole, miaka na miaka, hata kwa mtu asiyejua pombe. Mwanamke mmoja akauliza, "Na mnavu je?" Akasema wataalamu wanauchunguza, zipo dalili kwamba huenda unalikinga ini, nao ni chakula kizuri. "Lakini mama zangu, dawa na sumu msizipike chungu kimoja."

Siwezi kuapa kwamba ni karanga zilizomuua baba. Ini lina maadui wengi, na hakuna aliyepima. Nawaomba tu, ndugu zangu, mnavu uleni, na karanga yenye ukungu itupeni bila huruma.

Njia nzima nilimhofia mama. Nilidhani atavunjika kwa kukumbuka alichokisaga kwa mikono yake. Tulipofika kwenye kona ya kwetu alisimama, akanishika mkono.

"Kwa hiyo," akauliza, "alikuwa hanywi?"

"Alikuwa hanywi, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kutembea. Utotoni niliamini kwamba kijiji kilimshuku baba, na mama peke yake alisimama upande wake. Kumbe mama alimpalilia mnavu, akamchumia na kumpikia, mchana na jioni, mume ambaye hata yeye alidhani anamdanganya kuhusu pombe.