Winfrida na Huduma Isiyoitikia

Winfrida, mkazi wa mtaa wa Rusimbi, hakuzaliwa mpole, na waliodhani ajira ingemlainisha walijisumbua bure. Kule kwao Kalinzi, kijiji alikozaliwa, baba yake alimkataza kuimba shambani, eti kelele zinawachelewesha wachumaji. Akachuma kahawa huku akiimba, tena kwa sauti ya kufika bonde la pili.

Sasa anatunza seva ya wakala wa maboti mjini Kigoma. Ni mashine nyeusi yenye kimo cha jokofu dogo, si ya kisasa sana wala si ya kutupwa. Ndani yake kuna huduma zinazofanya kazi nyuma ya pazia: moja hupokea tiketi za simu, nyingine uzito wa mizigo, na nyingine huchukua tahadhari za upepo kwa watabiri wa hali ya hewa na kuwatumia manahodha ujumbe. Huduma hizi hazina sura. Zikiwa hai huzioni, zikifa pia huzioni.

Mwaka jana ile ya tahadhari ilikufa kimyakimya. Taa za mashine zinawaka, feni inavuma, na meneja, Bwana Telesphory, akachungulia mlangoni akasema mambo safi. Ufukweni nako manahodha wana mazoea yao: ujumbe usipoingia, ziwa shwari. Boti moja ikatoka, ikakutana na upepo wa kusini, ikarudi bila mzigo. Watu walipona kwa rehema za Mungu tu. Winfrida alilia siku ile, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira kuliko huzuni.

Ndipo akaandika programu yake ndogo. Kazi yake ni kupita kwa kila huduma na kuisalimu, kisha kungoja iitikie. Kwao Kalinzi ukipiga hodi kwa jirani usijibiwe, husemi jirani ana kiburi. Unaingia ndani kutazama kama ni mzima. Huduma ikiitikia, jina lake hubaki kijani kwenye televisheni iliyo kando ya dirisha la tiketi. Ikinyamaza, jina linageuka jekundu, na kila abiria analiona.

Bwana Telesphory aliichukia televisheni ile kama mke amchukiavyo mke mwenza.

"Unatuanika, Winfrida. Wateja wanaona maradhi yetu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, bosi. Waone."

Wenye kampuni walipopanga kuja kutoka Dar es Salaam, meneja alimwita pembeni. Akamwomba, safari hii kwa upole, majina yote yabaki kijani siku hiyo, liwalo na liwe.

"Niipake kijani hata ikifa?"

"Kwa siku moja tu, mama. Siku moja inaua nani?"

"Muulize aliyekuwa kwenye ile boti. Mimi sipaki."

Wageni wakafika asubuhi, wakakaribishwa chai na maandazi. Hawajamaliza vikombe, jina la huduma ya tahadhari likawa jekundu. Winfrida akaiwasha upya, ikainuka, ikaanguka. Akaiwasha tena, ikaanguka tena. Akafungua ukurasa wa watabiri: upepo mkali wa kusini, mchana huu, kaskazini yote ya ziwa. Tahadhari ilikuwapo, ila haikumfikia mtu. Na wakati ule, kwenye gati la Kibirizi, abiria wa kwenda Kagunga, kaskazini mwa ziwa, walikuwa wanapanda.

Bwana Telesphory alikwisha kujipanga mbele ya televisheni, mgongo kwenye kioo, mikono ameitanua, akiwaeleza wageni habari za maendeleo. Ni mtu mpana, lakini wekundu ulimzidi, ukamtokeza juu ya bega.

"Izime," akamnong'oneza Winfrida bila kuacha kutabasamu.

Winfrida akachukua simu ya mezani, akampigia Nahodha Yassir, wa boti mojawapo ya Kibirizi.

"Mwakeye, habari za asubuhi, dada Winfrida! Tunang'oa nanga hapa."

"Usitoke. Kuna upepo mkubwa unakuja."

"Mbona hamjatuma kitu? Tukajua shwari."

"Huduma yetu imekufa, Yassir. Leo kimya chetu msikiamini. Shusha watu."

Mgeni mmoja akaweka kikombe chini. Tabasamu lilimtoka meneja, akamsogelea Winfrida, na safari hii hakunong'ona.

"Umetuaibisha mbele ya wenye mali! Ukipiga simu nyingine, huna kazi hapa."

Winfrida alimtazama. Kazi ile aliipenda, tena sana. Haina maana kudanganya. Bado boti moja ilikuwa haijaambiwa, ya Mzee Filemoni, na ndiyo iliyojaa akina mama na watoto wao. Akabonyeza namba, akasimama wima, akapaza sauti ili asiwepo wa kusema hakusikia.

"Mzee Filemoni, ni mimi Winfrida. Si mfanyakazi wa hapa tena, kwa hiyo leo nakwambia bila kuogopa mtu: shusha abiria."